Mwaka wangu na Behance, na nguruwe aliyenitia aibu Mbagala

Shangazi yangu ni fundi cherehani Manzese. Wateja wake wanaingia na simu mkononi: "Fundi, nataka mshono kama huu." Naye, kabla hata hajaitazama hiyo picha, anauliza: "Kitenge umeleta yadi ngapi?" Zamani nilikuwa namcheka. Sasa nimetimiza mwaka nikitumia Behance, tovuti ambako wachoraji na wasanifu huonesha kazi zao, kutafuta mawazo ya kazi, na swali lake ndilo ninalojiuliza kila ninapoifungua.

Mimi nachora skrini za programu za simu, pamoja na vile vielelezo vidogo vinavyokaa ndani yake. Behance si mtoto: Scott Belsky na Matias Corea waliianzisha 2005, Adobe, wale wenye Photoshop, wakainunua 2012. Kujiunga ni bure, kuangalia ni bure. Kwenye Dribbble, tovuti nyingine ya namna hiyo, kazi zilianza kuoneshwa kwa vipande vidogo vya pikseli 400 kwa 300; Behance mtu anaweka kazi nzima kwenye ukurasa mmoja mrefu, kuanzia michoro ya penseli hadi simu ikiwa mkononi mwa mtu. Unaweza kuchuja kwa fani, kwa programu iliyotumika, hata kwa nchi na mji. Hicho kichujio cha mji ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Nikiweka Nairobi, Lagos au Accra napata wachoraji wanaojua nywele za kusuka zinakaaje kichwani na kilemba kinafungwaje, na sihitaji kumpaka rangi ya kahawia mtu aliyechorwa akiwa Mzungu.

Angalizo la bando: picha ni kubwa, na kurasa ni ndefu. Siku ya kwanza niliperuzi ndani ya daladala kutoka Mwenge hadi Kariakoo, foleni kama kawaida, nikashuka bando la wiki limekwisha. Kosa langu mwenyewe. Siku hizi naifungua penye wi-fi tu.

Sasa nguruwe. Kikundi cha kuweka na kukopa cha Mbagala kilitaka programu ya kutunzia hesabu zake, kiachane na daftari. Nikaingia Behance siku tatu, nikakusanya picha kama sitini. Zambarau inayofifia kuwa pinki. Herufi nyembamba za kijivu. Watu wenye mikono mirefu na vichwa kama ndimu, ule mtindo uliotapakaa baada ya studio ya Buck kuichorea Facebook vielelezo vya Alegria mwaka 2017. Nikachanganya, nikapika. Kwenye skrini ya akiba nikaweka nguruwe wa kutunzia sarafu, wa pinki, anatabasamu. Nilijipenda sana usiku ule.

Mweka hazina wa kikundi ni mama wa miaka hamsini na kitu, simu yake kioo kimepasuka pembeni. Tulikaa nje chini ya mwembe, saa saba mchana. Akaishika, akaigeuza, akaikingia jua kwa kiganja.

"Mwanangu, mbona hapa hapajaandikwa kitu?"

Palikuwa pameandikwa. Kijivu changu kilikuwa kimemezwa na jua. Kisha akambonyeza yule mtu wa mikono mirefu mara nne, akidhani ni kitufe. Alipofika kwenye akiba akanyamaza. Akanirudishia simu kwa ncha za vidole.

"Huyu nguruwe anafanya nini kwenye hela zetu?"

Kikundi kizima, ukiondoa watu wawili, ni Waislamu. Nimezaliwa na kukulia Dar, majirani kushoto na kulia ni Waislamu, iftari nimekula kwao miaka yote, na bado sikuwaza. Nilikuwa nimeng'ang'ania mshono bila kuuliza kitambaa.

Niliporudi Behance na hasira zangu nikagundua kitu: zile picha sitini karibu zote nilizichota juu juu, nyingi ni majalada, yaani picha ya mbele tu ya kila kazi. Nilikuwa sijashuka chini. Na huko chini, ambako mwenye haraka hafiki, ndiko mtu anakoweka rasimu zilizokataliwa na maelezo ya kwa nini kitufe kilihamishwa. Nilikuta kazi moja ya programu ya wasafiri ambayo mwishoni kabisa mchoraji kaweka picha alizopiga za vibao vya maduka ya mtaani kwao, pamoja na herufi alizozikuta humo. Hiyo moja ilinifaa kuliko zote sitini, kwa sababu ilinitoa kwenye kiti.

Nilianzia Oysterbay, Morogoro Stores, kwa wachoraji wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa vipande vya mraba vya hadibodi na rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli, na picha zake nyingi za mwanzo ni mnyama mmoja tu katikati, nyuma yake rangi tupu. Nimezipita picha za namna hiyo maisha yangu yote. Siku ile ndipo nilipoziona kama aikoni: kitu kimoja, kinasomeka ukiwa ng'ambo ya barabara, jua la saa saba halikifanyi kitu.

Halafu nikahudhuria mkutano wa kikundi. Hela zinakaa kwenye sanduku la chuma lenye makufuli matatu, na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti, asiwepo wa kufungua peke yake. Hisa zinagongwa muhuri kwenye kijitabu, kuanzia moja hadi tano kwa mkutano. Kila nilichokuwa nakitafuta kilikuwa juu ya ile meza. Nguruwe akaondoka, likaja sanduku la makufuli matatu. Skrini ya hisa ikawa na vyumba vitano. Ukigusa kimoja, muhuri unatokea. Herufi nyeusi tii, nene.

Kwa hiyo, kama unachora vielelezo, jiunge bila kusita. Kama unasanifu uzoefu wa mtumiaji, yaani namna mtu anavyoitumia programu, jiunge, ila macho yawe wazi: programu nyingi za benki zinazopendeza pale ni kazi za mazoezi, hakuna mtu aliyewahi kuzitumia akiwa na haraka. Mimi natafuta skrini ya mtandao ukikatika. Ikikosekana, nahesabu ile ni picha ya ukutani. Natazama pia majina na tarakimu. Mteja wa kwenye mchoro anaitwa Anna na ana dola 24. Wa kwangu anaitwa Mwanahamisi na ana shilingi 1,250,000, na vyote viwili vinatakiwa kuenea kwenye mstari mmoja wa simu ndogo.

Wiki iliyopita nilirudi tena chini ya mwembe. Mweka hazina aligonga mihuri mitano, akaifurahia, halafu akauliza mbona hailii. Muhuri wake wa mbao ukigonga meza unasikika hadi uani, ndivyo wanachama wanavyojua fulani kaweka hisa ngapi hata wakiwa wanapiga soga. Nikamwomba agonge tena, nikarekodi. Sauti yenyewe haifiki sekunde moja, na nyuma yake kuna jogoo. Jogoo nimeshindwa kumtoa.