Nyota tatu kwa programu iliyotaka kunifanya mwongo

Nimeitumia programu hii miezi kumi na moja, kwa hela ya ofisi, dola 49 kila mwezi. Jina lake silitaji, na kaunti yetu pia siitaji, maana mshahara bado nauhitaji. Ni zile programu za kusajili saa za watu wanaojitolea. Mtu anafika mlangoni, anaelekeza kamera ya simu kwenye kile kimraba chenye madoadoa, jina linaingia, saa zinaanza kuhesabiwa. Akitoka anafanya vilevile. Mwisho wa mwezi inakutolea ripoti yenye grafu za rangi, na chini kabisa, kwa herufi nene, jumla ya dola.

Ugomvi wangu wote uko kwenye hiyo jumla.

Mimi ni karani wa ruzuku katika idara ya afya ya kaunti moja huku Marekani. Zamani, Tanga, nilikuwa mtunza stoo kwenye shamba la mkonge, kwa hiyo leja niliijua kabla sijaijua kompyuta. Nawaandikia hasa viongozi wa makanisa, misikiti na vyama vyetu huku ughaibuni, kwa sababu kila mwaka tunakuja kuwaomba ukumbi na vijana kwa mazoezi ya dharura, halafu tunawaletea karatasi, nanyi mnasaini tu.

Karatasi hizo zina asili yake. Tangu 2002, CDC, taasisi ya serikali kuu ya kudhibiti magonjwa, inatoa ruzuku ya kujiandaa kwa dharura za afya, kwa kifupi PHEP. Wapokeaji ni 62: majimbo yote 50, sehemu nne zinazopokea moja kwa moja (jiji la New York, Chicago, kaunti ya Los Angeles na mji mkuu Washington), na maeneo manane ya visiwani. Sheria ya 2006 ndiyo iliyoleta sharti la mpokeaji naye kuchangia: asilimia 5 mwaka wa kwanza, kisha asilimia 10. Yaani kwa kila dola kumi za serikali kuu, uonyeshe dola moja isiyotoka serikali kuu. Jimbo letu likaugawa mzigo huo kwa kaunti. Sisi tunapata dola 180,000, kwa hiyo tunadaiwa 18,000. Taslimu hatuna. Ila sheria inakubali majengo, vifaa na nguvu kazi, mradi vithaminiwe kwa haki. Aliyewahi kushiriki ujenzi wa darasa kijijini hahitaji maelezo zaidi: serikali inaleta bati na saruji, wananchi wanaleta mawe, mchanga, maji na migongo yao, na mtendaji anaandika.

Sasa programu. Nianze na mema yake, nisije nikaonekana mtu wa kulalamika. Usajili wa mlangoni ni mwepesi mno. Zoezi letu la Oktoba, la kuchanja mafua kwa kasi kama vile kuna mlipuko, lilikuwa na watu 42 wa kujitolea, na wote waliingia ndani ya dakika kumi na mbili. Kwa daftari tungekuwa bado tunatafuta kalamu. Inahifadhi picha za risiti. Mtandao ukikatika inaendelea, kisha inajaza yenyewe. Nyota mbili kamili hapo, bila ubishi.

Kisha wakaweka Kiswahili. Nilifurahi kama mtoto, mpaka nilipofungua. Mchango wa vitu, kwa Kiingereza "in-kind", umeandikwa "mchango wa upole". Na ule mchango wetu wa asilimia 10, kwa Kiingereza "match", wameuita "mechi". Skrini inakwambia: "Hongera! Thamani ya mechi yako ni dola 7,032.90." Mama mmoja wa Kigoma aliniuliza, kwa heshima zote, "Baba, kwani tulicheza na nani?"

Hiyo 7,032.90 ndiyo iliyoninyima usingizi. Programu ilichukua watu 42, saa tano kila mmoja, jumla saa 210, ikazidisha kwa dola 33.49. Kiwango hicho hakikutungwa. Ni wastani wa nchi nzima wa thamani ya saa moja ya kujitolea kwa mwaka 2023, uliotangazwa na shirika la Independent Sector. Kwa kumshukuru mfadhili au kupamba ripoti ya mwaka, kinafaa sana. Lakini kanuni za ruzuku za serikali kuu haziulizi wastani wa nchi. Zinauliza: kazi aliyoifanya mtu huyu, ofisi yako humlipa kiasi gani anayeifanya kwa mshahara? Kama ofisini hakuna kazi hiyo, basi soko la eneo lenu linalipaje?

Kwa hiyo nililazimika kumfuata mmoja mmoja. Wauguzi waliokuja ni wanane. Sita walichoma sindano, na hao nawahesabu kiuguzi, dola 41 kwa saa pamoja na marupurupu. Wawili walipangwa kuelekeza magari kwenye maegesho. Hao, siku ile, walikuwa waelekeza magari, hata kama leseni ya uuguzi iko mfukoni. Mmoja alinuna kidogo nilipomwambia saa yake ni dola 19. Nilimwambia, "Dada, hata daktari bingwa akija kutupakia rangi ukuta, namwandika fundi rangi." Akacheka, yakaisha. Na yule mratibu aliyesimamia foleni, mshahara wake unatoka kwenye ruzuku nyingine ya serikali kuu. Yeye ni sifuri. Fedha za serikali kuu haziwezi kujichangia zenyewe.

Hesabu ikawa: saa 30 za uuguzi, dola 1,230. Saa 175 za wengine kwa dola 19, dola 3,325. Jumla 4,555. Programu ilikuwa imenizidishia dola 2,477.90 kwa Jumamosi moja, kisha ikanipongeza.

Na hapo nilikuwa nimeshazirekebisha saa za kijana mmoja aliyesahau kujisajili wakati wa kutoka. Aliingia saa mbili asubuhi Jumamosi. Nilipofungua Jumatatu saa tatu usiku, alikuwa bado "kazini", saa 61 mfululizo, bila kula. Kwenye kamati ya harusi, mhazini anayeandika ahadi kwenye safu ya fedha zilizofika hadumu wiki mbili. Programu hii ingefukuzwa siku ya pili.

Ukumbi nao una kisa chake. Sehemu ya majengo ina kisanduku kimoja tu: "weka thamani". Pasta wa kanisa lililotupokea, mzee wa Bukavu ninayempenda sana, aliweka 1,500. Nikaenda kumwona. "Pasta, ukumbi huu ukiukodisha kwa siku, unatoza ngapi?" Akaniangalia. "Ndugu yangu, kanisa hii ni ya Mungu. Bei yake unaijua weye?"

Sikuwa na jibu la kidini. La kikaratasi nilikuwa nalo: thamani ya ukumbi uliotolewa haitakiwi kuzidi kodi ya haki ya ukumbi kama huo katika eneo hilohilo, na anayesema hiyo kodi ni mthamini wa nje, mimi wala Pasta hatuna sauti. Barua ya mthamini ilikuja na dola 400. Pasta akasaini 400, akasema hata Zakayo alirudisha zaidi.

Masanduku ya barakoa ndiyo usiseme. Hospitali ilituletea kumi na manne, programu ikayasifu kama mchango wa upole. Nikasoma lebo: yalitoka akiba ya taifa ya dharura. Mali ya serikali kuu tangu awali. Nikayafuta yote.

Niliwapigia huduma kwa wateja mara tatu. Nilitaka vitu viwili tu: kila mtu awe na kiwango chake, na kuwe na pahali pa kuandika kazi aliyofanya. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu, akasema wateja wengine hawajalalamika. Naamini. Wateja wengine huenda hawajatembelewa na mkaguzi.

Sisi tulitembelewa Machi. Mkaguzi wa jimbo alifungua ripoti yetu ya fedha, ile fomu SF-425, akaweka kidole kwenye mstari wa 10j, pale panapoandikwa tulichochangia sisi, kisha akachagua majina matatu: nionyeshe karatasi zao. Grafu za rangi hakuziangalia. Alichotazama ni fomu yangu ya karatasi, niliyoichora mwenyewe kwa kukumbuka leja ya stoo: jina, saa ya kuingia, saa ya kutoka, kazi aliyofanya, nani anamlipa kwa saa hizi, sahihi ya msimamizi. Dakika ishirini, akaomba chai. Karatasi hizo zinakaa kabatini miaka mitatu baada ya ripoti ya mwisho, na ufunguo ninao mimi.

Viongozi wangu, mkiletewa fomu bila hiyo safu ya "nani anamlipa", ulizeni kabla ya kusaini. Na ukumbi mmoja msiuandike kwenye ruzuku mbili za serikali kuu, hata kama maofisa wawili tofauti wamewaomba kwa upole.

Nyota ya tatu nawapa kwa sababu wiki iliyopita walijibu barua yangu ya malalamiko kuhusu Kiswahili. Wakashukuru, wakasema wamerekebisha. Nikafungua haraka. Kweli, "mechi" haipo tena. Sasa imeandikwa: "Hongera! Thamani ya kiberiti chako ni dola 7,032.90."