Nimetumia chumvi ya Instant Ocean miezi saba kwenye tenki la lita 70, haya ndo niliyoyaona

Wadau wa samaki wa maji chumvi habari zenu. Mimi nakaa Dar, Mbezi Beach, bodaboda dakika kumi nimefika baharini, na kila mgeni akiingia sebuleni akaona tenki swali lake ni hilohilo: we bahari iko hapo chini, chumvi ya kununua ya nini, si uchote tu? Swali zuri kabisa. Nimechota karibu mwaka mzima, sasa miezi saba nachanganya mwenyewe chumvi ya dukani na maji, kwa hiyo nadhani naweza kulijibu vizuri.

Tenki ni la lita 70, lina samaki klauni wawili, konokono wachache na vile vikaa vinavyotembea na gamba mgongoni. Nabadilisha lita 10 kila Jumapili. Udogo wa tenki ndo kila kitu hapa, maana kwenye lita 500 ukikosea kidogo maji yanakusitiri, kwenye lita 70 ukikosea kidogo konokono wanajifungia siku hiyohiyo.

Nianze na bahari. Maji ya bahari yakiwa mazuri hakuna chumvi ya dukani inayoyashinda, hilo nalisema waziwazi. Kipindi cha kaskazi, Januari, Februari, nikienda na mvuvi wa Kunduchi tukatoka mbali kidogo na ufukwe wakati maji yanajaa, nilikuwa napata maji meupe pee, rifraktomita, kile kifaa cha kupima uchumvi, inasoma 35 (yaani gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji), naitreti, uchafu unaotokana na kinyesi cha samaki, haionekani kabisa kwenye vipimo. Bure, ukitoa hela ya chombo. Shida ni masika. Mvua ikipiga Machi mpaka Mei mito yote inashusha tope na taka za mjini baharini, maji ya pwani yanakuwa ya kahawia, na siku moja nilipima pale ufukweni nikakuta 31, yaani hata uchumvi wenyewe umepungua achilia mbali hivyo vilivyoyeyuka humo usivyoviona. Hapo nilikaa wiki tatu bila kubadilisha maji nikisubiri bahari itulie, na samaki ndo waliolipia kusubiri kwangu.

Halafu kuna kazi ambayo watu hawaihesabu. Madumu manne ya lita 20, kuyabeba, kuyachuja kwa kitambaa kizito, na ukiyaacha yamefungwa kwenye joto la Dar vile viumbe vidogo vilivyomo vinakufa na maji yananuka yai bovu. Inabidi ama uyatumie haraka siku hiyohiyo ama uyaweke gizani na pampu ikizungusha kama wiki mbili, vitulie chini, uchote ya juu. Na dumu liwe lilibeba maji tu tangu lizaliwe, lililowahi kuwa na petroli au sabuni usilikaribishe hata ukilisugua vipi. Jambo lingine la muhimu, unachukua maji basi, mawe na matumbawe unayaacha palepale. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi ya bahari tangu 1975, na hata nje ya hapo jiwe lililo hai ni nyumba ya mtu.

Kabla ya Instant Ocean nilipita pabaya kidogo. Kuna muuzaji, simtaji, aliniuzia chumvi ya kupima kwenye mfuko usio na lebo akasema ni ya akwariamu, imefunguliwa tu kutoka kwenye ndoo kubwa. Ilikuwa nyeupe, kavu, inayeyuka ndani ya dakika mbili maji yakawa safi kama ya kunywa. Nikafurahi, kumbe kule kuyeyuka haraka hivyo ilikuwa dalili. Rifraktomita inasema 35 sawa kabisa, lakini nilipopima alkaliniti, yaani uwezo wa maji kuzuia asidi isiyayumbishe, ikawa karibu na sifuri, kalsiamu haipo. Ilikuwa chumvi ya kawaida tu. Hiki kitu kila anayeanza akishike: kifaa cha kupima uchumvi hakijui ni chumvi gani, chenyewe kinaona mwanga umepinda kiasi gani basi. Bahari siyo maji na chumvi ya mezani, ndani kuna magnesiamu karibu miligramu 1,300 kwa lita, kalsiamu kama 410, potasiamu karibu 400, na mengine mengi kidogokidogo, na konokono anajenga gamba lake kutokana na hayo. Nilipoteza konokono wanne wiki ile na bado inaniuma.

Sasa bidhaa yenyewe. Mfuko ninaonunua ni wa kilo 6.8, umeandikwa unatengeneza galoni 50 za Kimarekani ambazo ni lita 189. Ukigawa unapata gramu 36 hivi kwa lita moja, kwa hiyo lita 10 zangu za Jumapili zinakula gramu 360 na mfuko unanifikisha wiki 18 na zaidi, miezi minne na kitu. Bei ya chumvi zote za kuagiza ni kubwa ukiiangalia kwa mara moja, lakini igawanye kwa wiki halafu linganisha na mafuta ya boti na siku nzima ya Jumamosi, mimi naona inalipa.

Nilichokipenda zaidi ni kwamba inajirudia. Kila mchanganyo unatoka uleule, wiki hii na wiki ijayo, mfuko huu na ule. Alkaliniti kwangu inasoma kati ya 10 na 11 kwa kipimo cha dKH, ya bahari ni kama 7, kwa hiyo ukitoka kwenye maji ya bahari usihamishe tenki zima kwa siku moja, mimi nilienda lita 10 kila wiki na hakuna samaki aliyeshtuka. Kwa tenki la samaki na konokono kama langu hiyo alkaliniti ya juu ni nzuri tu, pH inatulia. Kwa anayefuga matumbawe magumu apime mwenyewe aone kama inamfaa, kuna chumvi nyingine zilizotengenezwa kwa ajili hiyo.

Kuchanganya: maji kwanza, chumvi baadaye, sio kinyume. Ukimwaga maji juu ya rundo la chumvi pale chini inakuwa kali mno, kalsiamu inajishika na kaboneti na unapata ukungu mweupe ambao haurudi tena kuyeyuka. Mimi naweka lita 10 kwenye ndoo ya plastiki, pampu ndogo ya kuzungusha ndani, namwaga chumvi taratibu huku pampu inafanya kazi, naiacha usiku kucha. Asubuhi maji yameng'aa, napima, naangalia joto liwe sawa na la tenki, naingiza. Kabla ya kuchota naugeuzageuza mfuko mzima maana chembe zinajitenga, nyingine zinashuka chini na nyingine zinabaki juu, ukichota juujuu tu kila siku mwisho wa mfuko unakuwa kitu kingine. Na pima kwa mizani ya jikoni, usipime kwa kikombe. Unyevu wa Dar huu unaingia kwenye chumvi yoyote ya baharini iliyofunguliwa, mwezi mmoja imekuwa jiwe. Siku naufungua mfuko nahamishia yote kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana na mpira, haijawahi kuganda tena.

Chumvi nzuri lakini haiokoi maji mabaya, na hapa ndo naona wengi wanaanguka. Bomba la DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, lina klorini na mambo mengine yanayobadilika na msimu. Kisima cha mtaa wetu kina chumvichumvi yake tayari, mita ya TDS, inayopima vitu vilivyoyeyuka kwenye maji, inasoma zaidi ya 900, hicho nakifulia. Jirani aliniuliza mbona usitumie maji ya kiyoyozi, yanadondoka bure siku nzima? Hapana, yanapita kwenye mabomba ya shaba, na shaba hata kidogo inaua konokono na kaa. Ya mvua kutoka kwenye bati nayo yana zinki. Ninachofanya ni kwenda kwenye viduka vya kujaza maji ya kunywa, vina mashine ya kuchuja ile ya RO, inayosukuma maji kwenye utando mwembamba na kuacha madini nyuma, lakini nakwenda na mita yangu mfukoni. Duka la kwanza nilikuta 160, wanarudishia madini ili yawe na ladha. La pili nikakuta 9. Hilo la pili ndo ninalokwenda mpaka leo, dumu la lita 20 kila wiki mbili kwa ajili ya kuchanganya, na mengine ya kujazia.

Kujazia ni maji baridi tu, yasiyo na chumvi. Maji yanapokauka chumvi inabaki, haiendi popote. Lita 70 za uchumvi 35 zikipungua lita 5 zimebaki 65, na uchumvi umepanda mpaka karibu 37.7. Na kwa feni na joto la hapa lita 5 ni chini ya wiki moja tu. Nimechora mstari kwenye kioo kwa kalamu ya maka, kila asubuhi narudisha maji mpaka kwenye mstari kabla ya chai.

Kuhusu rifraktomita, zile za bei rahisi nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya maji ya chumvi ya kawaida sio bahari, ukiiweka sifuri kwa maji safi peke yake inaweza kukudanganya. Kama huna kimiminika maalumu cha kurekebishia kifaa, kile cha uchumvi 35, chukua gramu 3.65 za chumvi ya mezani, weka kwenye gramu 96.35 za maji ya RO, koroga, dondoshea, kisha zungusha skrubu mpaka isome 35. Mizani ndogo ya sonara inatosha. Ile haidromita ya mkono wa plastiki, kifaa kingine cha kupima uchumvi, niliiacha, kipovu kimoja kikinata kwenye mkono inasoma juu.

Nyota nne na nusu kati ya tano. Nusu nimeikata kwa sababu maelekezo yapo kwa galoni na Kiingereza na mtu mgeni atahangaika kubadilisha, ndo maana nimewawekea hesabu za lita hapa. Ukinunua hakikisha mfuko haujafunguliwa na ukiubonyeza unasikia chembe zinatembea ndani, ukikuta gumu kama tofali mwachie muuzaji. Bahari sijaiacha kabisa, kaskazi ikirudi nitachota tena madumu mawili kwa ajili ya wale vijidudu wadogo ambao samaki wangu wanawakimbiza kioo kizima, halafu Jumapili inayofuata narudi kwenye ndoo yangu.