Wamekichomelea kiti! Uzoefu wangu na jimu ya "karibuni wote"

Bado nina hasira, kwa hiyo nikizidisha maneno mnivumilie.

Jimu yenyewe iko Dar, upande wa Kinondoni, jina siliandiki. Getini wana bango kubwa: mtu kwenye wilichea, misuli imemtutumka, chini yake maneno "Vifaa jumuishi, karibuni wote". Mdogo wangu ndiye aliyelipiga picha akanirushia. Mimi niko kwenye wilichea mwaka wa sita huu, au wa saba. Nilidondoka kutoka kwenye paa la banda nililokuwa nachomelea mwenyewe, maana kabla ya hapo nilikuwa fundi wa mageti na madirisha. Hilo la ufundi likumbukeni.

Kilichonipeleka ni mabega. Ukiwa kwenye wilichea, kutwa nzima unasukuma. Kifua kinakaza, mgongo unalala, mabega yanavutwa mbele, ikifika usiku hujui ulalie upande gani. Mtaalamu wa viungo alinieleza hospitali: "Kusukuma unasukuma vya kutosha, sasa wewe vuta." Ndiyo akanihadithia habari za Daktari Ludwig Guttmann wa Stoke Mandeville, Uingereza, aliyewashindanisha majeruhi 16 mwaka 1948, mashindano ambayo baadaye yakawa mbegu ya Paralimpiki. Aliwashindanisha kwa upinde na mishale. Na mshale hauendi mpaka uvute.

Basi nikaifuata mashine ya kuvuta.

Kuingia sina neno. Mteremko wameujenga kwa akili, si ile ya kumrudisha mtu kinyumenyume barabarani. Choo mlango unapitika. Dada wa mapokezi aliongea na mimi, hakuongea na mdogo wangu juu ya kichwa changu kama wengi wafanyavyo. Hapo moyoni nilishawapa nyota zote.

Na mashine nilipoiona, jamani, niliipenda. Namba za uzito kubwa, nyeupe juu ya nyeusi. Uzito wa kwanza mdogo, hata mtu aliyetoka kitandani juzi ataanza nao. Vishikio unavipitisha kiganja, asiye na nguvu ya vidole anavuta vilevile. Halafu kiti chake kimesimama kwenye mkono mmoja wa chuma wenye pini: unachomoa pini, unakisukuma kiti pembeni, unaingia na wilichea yako na kufunga breki, unaanza kazi. Huhami popote. Aliyeibuni alikaa chini akafikiri, au alimuuliza mwenye wilichea, na nadhani alimuuliza.

Kocha, kijana mdogo, akachomoa pini. Akasukuma kiti. Kimya. Akasukuma tena. Akakipiga teke la adabu. Mimi nikainama kuangalia pale kwenye maungio.

Wamekichomelea.

Nimeandika vizuri, msirudi kusoma. Kiti ambacho kazi yake ni kuondoka, wamekichomelea kisiondoke! Na weldi yenyewe sasa! Sisi mafundi weldi ya namna ile tunaiita mavi ya kuku: madonge madonge, hayajashika vizuri, rangi hawakupaka, kutu imeshaanza. Sijui nilichukia lipi zaidi, kiti kuchomelewa au kuchomelewa vibaya vile. Ningekuwa na mwanafunzi aliyenichomelea hivyo asingekula mchana.

Kocha akasema kiti kilikuwa kinacheza, wateja wakalalamika. Nikamuuliza wateja gani. Akaangalia chini. Meneja akaitwa, akaja na simu sikioni, akakitazama kiti, akanitazama mimi, akasema: "Sasa mzee, si ukae tu kwenye kiti kama wengine?"

Kwanza mimi si mzee, nina miaka 43. Pili, kile kiti kiko juu kuliko changu, hakina pa kushika, na ni kigumu kama benchi la mahakamani. Mimi makalio hayana hisia. Nikikalia kigumu bila mto wangu natoka na kidonda, na kidonda kile hakiponi kwa wiki mbili. Meneja hakulazimika kuyajua hayo yote. Ila bango alilitundika yeye.

Wakanibeba. Wawili, mmoja kwapani, mmoja magotini, kama wanahamisha friji, huku wengine wameacha vyuma wanatazama na dada mmoja anasema "pole baba". Nikavuta mara nne, nikaomba kushushwa. Njiani kwenye bajaji sikuongea.

Usiku nikasoma sana, hasira haina usingizi. Sheria yetu ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 ninayo nyumbani, nikaifungua. Nikaangalia na Wamarekani: viwango vyao vya mwaka huohuo 2010 vinadai angalau mashine moja ya kila aina iwe na nafasi wazi pembeni, kama sentimita 76 kwa 122, ya kuegesha wilichea. Ila mashine yenyewe viwango hivyo haviigusi. Yaani hata kwao unaweza kuegesha vizuri kabisa pembeni ya kitu usichoweza kukitumia. Nikacheka peke yangu. Nyota moja, nikaandika, na hiyo moja ni ya mteremko.

Sikuituma. Siku kadhaa baadaye, pengine wiki, yule kocha akapiga simu. "Kaka, meneja amesafiri. Hivi wewe hukusema ni fundi?"

Nikaenda na kijana wangu wa zamani wa karakana, yeye na grenda, mimi na mdomo. Tukaikata ile mavi ya kuku, tukasugua, tukafungua maungio. Mnajua kwa nini kiti kilikuwa kinacheza? Washa ya plastiki, kile kiduara kinachokaa katikati ya maungio, imelika. Washa! Kitu cha shilingi mia tano madukani kule mtaa wa Gerezani, tena unachagua rangi. Kwa ajili ya hiyo wakaita mtu na mashine ya kuchomelea. Tukaweka mpya, pini ya zamani ikakubali, kiti kikazunguka kwa kidole kimoja. Kocha alikizungusha kama mara kumi, anacheka.

Nikaingia na wilichea yangu, nikakaa kwenye mto wangu, nikavuta. Kilo ishirini, polepole. Pale katikati ya mabega kitu kikaamka ambacho nilidhani kimeshakufa. Usiku ule nililala upande wa kushoto mpaka asubuhi. Kwa hiyo ile nyota moja nikaifuta, nikaandika nne, na kocha nikamwandikia mstari wake peke yake.

Sasa nne hizo nazo sijui. Hela ya washa na nauli ya fundi sijarudishiwa, na ada ya mwezi wamekata yote, pamoja na zile siku kiti kilipokuwa kimechomelewa. Hayo ningemeza. Lakini juzi nimefika nakuta kiti kimerudishwa mahali pake na badala ya pini pana bolti, imekazwa kwa spana. Pini iko wapi? Kocha, kwa aibu, anasema meneja amerudi, ameifungia ofisini isipotee. Meneja yuko wapi? Ametoka kidogo.

Nikamsubiri saa nzima. Nikarudi nyumbani, nikamtuma kijana akakata kipande cha nondo ya milimita 12, tukakichonga. Natembea nacho mfukoni, pamoja na spana.