Hedlampu ya kuchaji: kabla hujauliza lumeni, uliza kama inalokika

Mwezi wa saba nilipanda Meru na wenzangu watatu, kichwani nina hedlampu mpya niliyoinunua Arusha mjini siku mbili kabla, 45,000 nimetoa mkononi bila kupunguziwa hata mia, muuzaji ananiambia dada hii ni habari nyingine. Ya kuchaji, taipu C, boksi limeandikwa lumeni 1,200, yaani kipimo cha mwanga. Nikaichaji usiku kucha ikajaa, nikaitia mfuko wa juu wa begi pamoja na kofia na glavu. Siku ya kwanza kutoka geti la Momella mpaka Miriakamba ikafanya kazi vizuri tu. Siku ya pili tukafika Saddle Hut, tukala, nikapanga begi la usiku saa moja jioni, nikalala.

Saa 8 usiku tunaamshwa. Nafungua mfuko wa begi, nashika taa, iko ya vuguvugu. Vuguvugu jamani, baridi lote lile, glavu zenyewe zina joto kama zimetoka juani! Nikabonyeza, ikapepesa nyekundu mara tatu ikafa. Kumbe nilipoisukumia glavu mle jioni nilikandamiza kitufe, taa ikawaka humo humo ndani ya begi saa saba nzima, inamulikia kofia.

Mwenzangu mmoja akasema twende, nitakumulikia kwa nyuma. Sasa aliyewahi kumulikwa kwa nyuma anajua, kivuli chako mwenyewe kinaanguka pale pale unapotaka kuweka mguu. Ikabidi abadilishe, atangulie yeye, na kila jiwe kubwa ageuke anisubiri mpaka nivuke ndo aendelee, na pale mbele ya Rhino Point kuna sehemu unashika mwamba kwa mikono, kushoto hujui kuna nini. Tulifika juu, mita 4,566, lakini jua lilitukuta njiani, na yule kaka usiku wake mzima ameutumia kugeuka nyuma kwa sababu yangu. Iliniuma sana na bado inaniuma.

Ndo maana kwenye mwongozo huu sitaki kuongelea uzito wala maji ya mvua, hayo kila mtu anakwambia. Mimi naongelea loki.

Loki ni nini: ni taa kukubali kufungwa isiwake hata ikibonyezwa bahati mbaya. Ziko za aina mbili. Ya kwanza ni ya kitufe, unakibonyeza na kukishikilia sekunde kadhaa mpaka taa ipepese, hapo imelala, na kuifungua ni ivo ivo. Ya pili ni ya mikono yako mwenyewe, unatoa betri kabisa au unaigeuza. Taa ambayo betri imezibwa ndani na haina loki ya kitufe, hiyo usinunue, hata kama wanakupa na mfuko wa bure. Alafu angalia kitufe chenyewe. Kilichotokeza juu kama chunusi, laini, kikubwa, ni shida tupu. Kizuri kimezama kidogo, ukipitisha kiganja juu yake hukigusi.

Na usiamini boksi, jaribu pale pale dukani. Mimi siku hizi nikienda naenda na begi, naweka taa katikati ya sweta, nafunga, nakandamiza kwa magoti. Nikifungua nikaikuta inawaka namrudishia mwenyewe. Duka moja walinikatalia, eti boksi likifunguliwa umeshanunua. Nikatoka. Mtu anataka umpe laki na ushee lakini hataki ushike bidhaa!

Haya, mpangilio wangu.

Namba moja, na sitaki mjadala, ni Black Diamond Spot 400. Hawa ni Wamarekani wa Salt Lake City, vifaa vya kupanda milima ndo maisha yao, na inaonekana kwenye taa. Inalokika kwa kitufe. Ina vitaa vidogo pembeni vinavyokuonyesha betri imebaki kiasi gani. Ukigusa ubavu wake kwa kidole inaruka mpaka mwanga wa juu, ukigusa tena inarudi. Ina na mwanga mwekundu, wa humo ndani kwenye vibanda, usimpige mwenzako na taa nyeupe ya macho usiku wa manane. Lakini kilichonimaliza mimi ni betri. Unaweza kuweka betri yao ya kuchaji inayoitwa BD 1500, au ukaweka betri tatu za AAA, hizi nyembamba za rimoti. Hizo ziko kwa Mangi yeyote mwenye duka la mtaani, mpaka Marangu Mtoni unazipata. Ya kuchaji ikikuishia mlimani unachomeka za rimoti, maisha yanaendelea. Kuwa makini na jina tu, iko nyingine inaitwa Spot 400-R, hiyo R betri imejengewa ndani haitoki. Ni nzuri na inalokika pia, ila kwa huku kwetu mimi nasema chukua isiyo na R alafu tafuta betri yake.

Namba mbili Nitecore NU25 UL. Gramu 45 tu, lumeni 400, taipu C, na inalokika. Mkanda wake ni kamba nyembamba, wengine hawaupendi, mimi sina neno nao. Shida ni betri ndogo, mAh 650 (mAh ni kiasi cha chaji betri inachobeba), na iko ndani haitoki, kwa hiyo bila pawabanki usiende nayo siku sita. Kwa kambi ya wikiendi au Meru inatosha kabisa.

Namba tatu Fenix HM65R. Hii nawashauri waongoza watalii na wasaidizi wao, watu wanaopanda kila wiki. Betri yake ni 18650, ile ya duara nene kuliko ya rimoti, ya mAh 3,500, unaitoa unaweka nyingine, mwanga unafika lumeni 1,400 na loki ipo. Nzito lakini, na mtu wa kupanda mara moja kwa mwaka atakuwa amelipia mwanga asioutumia.

Namba nne Petzl Actik Core. Najua nitachukiwa, maana nusu ya Moshi wanayo, wageni wakishuka wanawaachia wagumu, yaani wapagazi, na zinaishia kuuzwa mkononi. Taa nzuri ya Wafaransa, na yenyewe inakula betri yake ya Core au AAA tatu, hapo nawapa heshima. Ila ukiinunua mkononi, itie kwenye begi betri ikiwa nje. Mimi bila hivyo silali.

Za bei rahisi: zile zenye ukanda mweupe wa taa paji zima zinazowaka ukipunga mkono mbele yake, hizo ukiiacha sensa yake wazi inawashwa na chochote kinachopita mbele, hata kofia ndani ya begi. Za kufulia usiku umeme ukikatika, sawa. Mlimani hapana.

Sasa wauzaji. Boksi limeandikwa lumeni 9,000, betri 18650 mAh 9,900. Ndugu yangu, 18650 nzuri kabisa kutoka kampuni zinazojulikana inacheza kwenye 3,500 hivi, hiyo 9,900 imekaa wapi kwenye kibetri kile kile? Kampuni zinazojiheshimu zinapima kwa kiwango cha ANSI FL1, kanuni ya Kimarekani ya kupima taa za tochi, na hata hapo jua masaa yanahesabiwaje: wanahesabu mpaka mwanga ushuke ubaki asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Kwa hiyo wakisema masaa mia sio masaa mia ya kuona njia. Na wala huhitaji lumeni elfu. Kule Kilimanjaro, kutoka kambi ya Barafu saa 6 usiku mpaka Stella Point kwenye mita 5,756 unakanyaga kisigino cha mtu polepole masaa sita saba, lumeni 50 mpaka 100 zinatosha.

Na bei ndo zinanitoa machozi. Mwaka 2025 serikali ilikataza kutangaza bei za ndani kwa dola, lakini nenda maduka ya vifaa vya mlima uulize taa, jibu la kwanza unalopewa ni dola. Ukisema mimi mtu wa Moshi, inageuzwa shilingi ya juu juu, nawe unatakiwa ushukuru. Ya kukodi nayo, unapewa taa mkanda umelegea kama lastiki iliyostaafu, betri haijachajiwa tangu mteja aliyepita, alafu ikifa usiku ni bahati yako mbaya. Ukikodi, iwashe pale pale mwanga wa juu dakika kumi ukiwa umekaa, ikianza kufifia rudisha.

Ukishakuwa na yako, ichaji jioni ya kabla ya safari na uiloki hapo hapo, usisubiri asubuhi. Kwenye baridi betri za lithiamu zinapungua nguvu, kwa hiyo usiku wa kwenda juu lala nayo ndani ya slipingi bagi, na ya akiba iwe mfuko wa ndani karibu na mwili. Usiichaji na pawabanki ikiwa imeganda chini ya sifuri, unaiua, ipashe joto kwanza. Ukungu ukishuka, ivue kichwani uishike mkononi usawa wa kiuno. Ikiwa kichwani unaona ukuta mweupe tu, ikiwa chini mawe yanapata vivuli na unaona pa kukanyaga. Ukirudi nyumbani usiiache miezi ikiwa tupu kabisa, iache na nusu ya chaji, na mkanda uufue, jasho linakula lastiki.

Ile ya 45,000 bado ipo. Nilimpelekea mama Kibosho, ameining'iniza kwenye msumari pembeni ya mlango wa banda la ng'ombe, na huko inafanya kazi vizuri kila alfajiri akienda kukamua, maana pale msumarini hakuna kitu cha kuibonyeza.