Uzoefu wangu na seti ya eabrashi ya bei nafuu, hapa Mombasa

Kwa mwenye haraka: kompresa (mashine ya kubana hewa) ya seti hii ni nzuri, kalamu, yaani eabrashi yenyewe inayopuliza rangi kwa hewa, ni ya kujifunzia tu, na chujio lake la maji halimtoshi mtu anayeishi Pwani.

Seti yenyewe ni ile inayouzwa mtandaoni kwa majina chungu nzima. Ndani mna kompresa ndogo ya pistoni yenye tangi la lita 3, aina inayojulikana kama AS-186, mpira wa hewa, na kalamu za chuma zenye nozeli (kitundu cha kutolea rangi) za ukubwa tofauti. Yangu niliiagiza China, ikanigharimu elfu kumi na kitu pamoja na usafiri. Nilitaka kuchora helmeti za bodaboda na mabodi ya tuktuk, kazi ambayo wengi hapa mjini huifanya kwa brashi, stika au kopo la kupuliza.

Kama pesa zako ni chache, zitie kwenye kompresa, tena iwe na tangi. Isiyo na tangi hutoa hewa kwa mapigo, na mapigo hayo huonekana waziwazi ukichora mstari mwembamba. Hii ya kwangu hujizima shinikizo la hewa tangini likifika kama bar 4 na kujiwasha likishuka kwenye bar 3 hivi, kwa hiyo mota hupata nafasi ya kupoa. Kelele zake ni za friji kuukuu. Naitumia usiku na jirani hajawahi kugonga ukuta. Umeme ukikatika, hewa iliyobaki itakumalizia mstari ulioanza, basi.

Sasa maji. Wanaofundisha kwenye video wengi wako nchi za baridi na hawaligusi sana jambo hili. Hewa ya Mombasa imejaa unyevu. Kompresa ikiibana inapata moto, halafu inapopoa ndani ya tangi na mpira, ule unyevu unageuka maji. Chujio linalokuja na seti limefungwa palepale kwenye kompresa, hewa ingali na joto, kwa hiyo maji mengi hulipita yakiwa bado mvuke na kujikusanya mbele kwenye mpira. Matokeo yake unavuta kivuli laini kwenye helmeti, na kalamu inatema tone la maji katikati ya kazi. Tiba yake ni rahisi: nilinunua chujio dogo la pili linalofungwa chini ya kalamu yenyewe, mkononi, ambako hewa imeshapoa. Zaidi ya hapo, kila nikimaliza kazi nafungua kizibo cha chini ya tangi maji yatoke. Utashangaa yanavyotoka, yamechanganyika na kutu.

Kalamu ni za kubonyeza na kuvuta: ukibonyeza kitufe inatoka hewa, ukikivuta nyuma inatoka rangi. Kaka mmoja anayechora magari Changamwe aliniangalia nikifanya mazoezi, akacheka: "Wewe wapuliza kama wapaka ukuta, bwana. Hewa itangulie, rangi ifuate. Ukimaliza, rangi ikome kwanza, hewa ndiyo ya mwisho." Maneno hayo yalinifaa kuliko video zote. Ukiachia kitufe ghafla kikiwa nyuma, rangi hubaki kwenye ncha ya sindano iliyo ndani ya kalamu, na ukibonyeza tena inaruka doa. Jambo la pili alilonionyesha ni kuuanzisha mkono kabla ya rangi kutoka na kuusimamisha baada ya rangi kukoma, la sivyo kila mstari utakuwa na kichwa na mkia. Mazoezi yenyewe yanachosha: nukta, mistari, mistari inayoanza nene na kuishia nyembamba, vivuli vya mviringo, karatasi juu ya karatasi. Hakuna njia ya mkato, na magazeti ya zamani yanatosha kabisa.

Kwa shinikizo, mimi hukaa kati ya PSI (kipimo kingine cha shinikizo) 20 na 25 kwa kazi ya kawaida na kushuka hadi 15 kwa vitu vidogo, rangi ikiwa nyepesi zaidi. Rangi nzito na hewa ndogo hutoa vitone vya mchanga. Rangi nyepesi na hewa nyingi ukiwa karibu hukimbia pembeni kwa michirizi.

Rangi za akriliki za maji ndizo salama kuanzia, ila kwa joto letu hukauka kwenye ncha ya sindano upesi mno. Weka brashi yenye maji karibu, uipanguse ncha kila baada ya muda mfupi. Nilipohamia kwenye rangi za magari, zile wanazokuchanganyia madukani kwa kipimo kidogo, mambo yalilainika: zinapita vizuri na hazizibi ovyo. Gharama yake iko kwingine. Thina huvimbisha ringi za mpira zilizomo ndani ya kalamu hizi za bei nafuu, kitufe kikaanza kukwama. Ulizia ringi za teflon kabla hujamimina thina. Na barakoa ya vumbi haizuii mvuke. Tafuta ile yenye vichujio vya mkaa, ufanye kazi penye upepo. Klia ya mwisho, ile rangi angavu ya kufunika kazi inayochanganywa na hadna (dawa ya kuikausha iwe ngumu), siipulizi nyumbani hata kidogo. Ina isosayaneti, kemikali inayodhuru mapafu, si kitu cha kuvutwa sebuleni penye watoto. Napeleka helmeti gereji yenye chumba cha kupulizia, nalipa.

Udhaifu mkubwa wa kalamu ni nozeli. Ni kidude kidogo cha kufunga kwa spana, uzi wake wa skrubu ni laini, na ukikaza kidogo tu zaidi kinakatikia ndani. Muuzaji hakuwa na spea, akaniambia ninunue kalamu nyingine. Sindano nazo hupinda ncha kwa kuguswa tu na kikombe, na sindano iliyopinda haichori mstari mwembamba hata ukiisomea dua.

Ninayoiwekea pesa sasa ni kalamu ya Iwata Neo CN, nozeli ya milimita 0.35, kwa sababu spea zake zinauzwa moja moja. Inaingia kwenye mpira huuhuu wa inchi 1/8 bila adapta, wakati kalamu za Badger na Paasche zina uzi wao wenyewe, kwa hiyo anayezitaka aangalie hilo kwanza. Kompresa siibadilishi.