Mimea ya chunguni ya kufukuza mbu: upi ununuliwe, upi uachwe kitaluni

Kibao kilichochomekwa kwenye udongo huwa na ahadi nzito: weka chungu hiki dirishani, mbu hawaingii. Katika bidhaa hii kibao ndicho chenye kasoro kubwa. Mche wenyewe mara nyingi ni mzima na una kazi yake, ila kazi hiyo siyo iliyoandikwa pale.

Harufu inayowakera wadudu ni mafuta yaliyofungiwa kwenye vifuko vidogo mno, juu ya vinyweleo vya jani kama kwa rehani na jeraniamu, au ndani ya jani lenyewe kama kwa mchaichai. Jani likiwa limetulia, kinachovuja ni kidogo na upepo wa dirishani hukichukua. Mbu naye humtafuta mtu kwa pumzi anayoitoa, kwa jasho na kwa joto la mwili, na chungu kimoja kando ya kitanda hakifichi hata kimoja kati ya hivyo. Lifikiche jani lile lile kiganjani ndipo harufu inapotoka kwa nguvu. Basi kipimo cha mche wa kununua ni kimoja: unavumilia kukatwa na kufikichwa mara ngapi kabla haujachoka?

Kwa kipimo hicho jeraniamu yenye harufu ya limau, ile inayouzwa kwa jina la Citrosa au “mmea wa mbu”, inashika mkia. Majaribio ya miaka ya 1990 huko Marekani na Kanada hayakuona kinga yoyote kwa mtu aliyekaa karibu nayo. Mbu walionekana hata wakitua na kupumzika juu ya majani yake. Kama unapenda majani yake yaliyochanika na harufu yake, inunue kama ua. Ni rahisi kuzidisha: kata kipande cha sentimita 10 chini kidogo ya kifundo, ondoa majani ya chini, kiache kikauke jeraha kwa saa chache, kisha kichomeke kwenye mchanga wenye unyevu kidogo. Kwa mbu, pita.

Mchaichai unahitaji macho zaidi, maana miche miwili tofauti huuzwa kwa jina moja. Wa kutia kwenye chai ni Cymbopogon citratus. Mafuta ya sitronela yanayotiwa kwenye mishumaa na losheni hutoka kwa ndugu zake, Cymbopogon nardus na Cymbopogon winterianus. Angalia shina karibu na udongo: wa chai ni mweupe unaoelekea kijani, wa sitronela mara nyingi una wekundu au zambarau. Kosa linaloua miche yote miwili ni chungu kidogo. Mizizi hujaza chombo cha sentimita 12 upesi, udongo unakauka mchana mmoja, ncha za majani zinageuka kahawia, na mwenye mmea anadhani ni ugonjwa. Hamishia kwenye chombo chenye upana na kina cha sentimita 30 au zaidi, mahali penye jua la saa sita kwa siku. Vuna kwa kukata sentimita 10 hadi 15 juu ya udongo, na vaa glavu, kwa sababu kingo za jani hukata vidole. Unahimili kukatwa vizuri sana, lakini majani yake makavu hayana nguvu ya mabichi.

Anayestahili nafasi ya kwanza ni kivumbasi, Ocimum americanum, na ajabu ni kwamba vitalu vingi vinamweka nyuma kama magugu. Huyu ana ushahidi hata akiwa hai chunguni: katika majaribio ya vibanda yaliyochapishwa mwaka 2002, vyungu vyake vilipunguza mbu aina ya Anopheles gambiae, wanaoeneza malaria, kwa karibu asilimia 40. Tusiitukuze namba hiyo kupita kiasi. Ina maana mbu sita kati ya kumi bado walifika, na mmoja mwenye malaria anatosha. Hata hivyo, ni zaidi ya mimea mingi ya dirishani inavyoweza kujivunia.

Mpandie kwenye mchanganyiko wa sehemu mbili za udongo, moja ya mchanga na moja ya samadi iliyooza kabisa. Samadi mbichi huunguza mizizi na kuleta visubi. Akifika sentimita 20, kata kilele juu tu ya jozi ya majani. Kutoka hapo yatatoka matawi mawili, na ukirudia kila baada ya wiki mbili au tatu utapata kichaka badala ya fimbo moja ndefu. Usiondoe zaidi ya theluthi moja kwa mara moja. Jioni, yapondeponde matawi uliyokata na uyaweke mlangoni na dirishani. Wengine huyatupia juu ya makaa bila moto wa kuwaka, na joto kweli hutoa mafuta mengi kwa pamoja, lakini moshi ni moshi: usifanye hivyo chumba cha mtoto au cha mwenye pumu. Jua pia kwamba Anopheles huuma zaidi usiku wa manane, wakati matawi ya jioni yameshaisha harufu. Chandarua kinabaki palepale.

Lavenda haina la kuwafanyia mbu ikiwa chunguni. Mahali pake ni kabatini, maua makavu yakiwa kwenye mfuko wa kitambaa chepesi, dhidi ya nondo wa nguo. Minya mfuko kila wiki chache, badilisha maua harufu ikiisha. Haiui viwavi waliokwisha kuingia kwenye sufu, hivyo nguo zifuliwe au zipigwe brashi kwanza. Mmea wenyewe hufa kwa wema: maji mengi, udongo mzito, hewa yenye unyevunyevu. Nusu ya chungu iwe mchanga mkavu wa chembe kubwa.

Pareto nayo imeanza kuuzwa kama ua la kufukuza wadudu, na hapo muuzaji anacheza na sifa ya kweli. Sumu yake, piretrini, imo kwenye kichwa cha ua, hasa kwenye mbegu changa, wala haiwatishi mbu mmea ukiwa umesimama. Ni lazima ua likaushwe na kusagwa. Dawa ya mbu ya kuwasha ilianzia Japani mwaka 1890 kwa unga huo, ikiwa kijiti kilichoungua kama dakika 40 tu. Umbo la kuzunguka lilikuja baadaye ili idumu usiku. Unga wake huua samaki na nyuki, na jua huuharibu haraka.

Mche wa mwarobaini usiununue kwa ajili ya dirisha. Ni mti mkubwa, na chunguni utateseka tu. Nunua mafuta yake, kwa sababu yatalinda mimea mingine uliyonunua. Changanya mililita 5 za mafuta, mililita 1 au 2 za sabuni ya maji na lita moja ya maji ya uvuguvugu. Sabuni ianze kukorogwa na mafuta, ndipo maji yafuate. Bila hivyo mafuta huelea, na pampu hutoa maji matupu mwanzoni kisha mafuta matupu yanayounguza majani. Jaribu jani moja, subiri siku nzima. Nyunyiza jioni, chini ya majani ambako vidukari na inzi weupe hukaa, rudia baada ya siku saba. Mchanganyiko uliobaki mwaga, haufai kesho.

Mafuta ya mimea ya kupaka mwilini ni bidhaa nyingine kabisa. Sitronela huisha nguvu ndani ya saa mbili au chini. Yanayodumu zaidi ni yale yaliyosafishwa kutoka mkaratusi wa limau, yenye kiambato PMD. Hayapakwi mtoto wa chini ya miaka mitatu, na mafuta ghafi ya mti huo huo si mbadala wake. Usipake mafuta yoyote ghafi bila kuyapunguza makali.

Kitaluni, geuza majani utazame chini yake, tazama kama mizizi imetokeza kwenye matundu ya chungu, fikicha jani moja unuse. Mche usionukia ukifikichwa hautanukia nyumbani. Mche ulioununua utenge na mimea mingine kwa siku 10 hadi 14.

Kisha kuna kisahani cha chini ambacho muuzaji hukutupia bure. Maji yakibaki humo kwenye joto, yai la Aedes, mbu anayeeneza dengi, linaweza kuwa mbu mzima ndani ya siku 7 hadi 10. Kuyamwaga tu hakutoshi, maana mayai hunata kwenye ukingo na huvumilia ukavu kwa miezi. Sugua ukingo kwa brashi kila wiki, au jaza kisahani mchanga hadi juu.