Hita ya lita 50 kwenye nyumba ya maji ya chumvi: uzoefu wangu

Natumia hita ya tangi, ile ya kutundika ukutani ya lita 50, huku Kigamboni. Wanaouliza hita ya nini na joto lote hili la Dar hawajaishi na mama mwenye baridi yabisi anayeoga alfajiri. Maji yanapata moto upesi, uniti za umeme wa LUKU haili sana ukiizima baada ya kuoga, na kwa miaka kadhaa haikunisumbua. Kisha ikaanza kuvuja.

Maji yalikuwa yanatoka chini, pale kwenye kifuniko cha plastiki zinapoingilia nyaya, yakiacha michirizi ya kahawia kwenye vigae. Baadaye breka ikawa inaruka kila tukiwasha. Hapo hapana mjadala: unazima umeme wake, unafunga koki ya maji baridi inayoingia kwenye hita, na mtu haogi humo mpaka fundi aje. Bomba likianza kupiga shoti, utakuwa umechelewa.

Duka lililoniuzia lilituma kijana. Hata bisibisi hakutoa. Aligonga tangi kwa kiganja, akasema, "Bosi, hii imeoza, chukua mpya tu." Mpya ilikuwa inacheza kwenye laki nne. Kisha akaiona valvu ya usalama nayo inadondosha, akashauri tuizibe kwa plagi wakati nikitafuta hela. Nikamshukuru, nikamfungulia geti.

Ile valvu kudondosha wakati hita inachemsha ni kazi yake. Maji yakipata moto yanatanuka. Kwenye tangi la lita 50 ziada inaweza kupita nusu lita, na hayawezi kurudi nyuma kwa sababu valvu yenyewe inayazuia. Lazima yatokee mahali. Yangu imeandikwa baa 8: presha ikifika hapo, inafunguka. Ukiiziba, na siku hiyo themostati ikagoma kukata umeme, umetundika bomu juu ya kichwa cha anayeoga. Cha kushangaa ni ile isiyodondosha kabisa, au inayomwaga mfululizo hata hita ikiwa imezimwa.

Nikamwita mzee mmoja wa mtaani, fundi umeme wa siku nyingi. Baada ya shikamoo na chai, alifungua kifuniko, akakausha kila kitu kwa kitambaa, kisha akazungushia tishu kwenye ukingo wa ile sahani ya chuma inayoshika elementi, yaani chuma kinachochemsha maji. Akafungua koki kidogo, umeme ukiwa umezimwa, tukakaa tunaangalia. Tishu ililowa upande mmoja tu, kwenye mpira wa gasketi. Tangi lenyewe kavu. "Ingekuwa imetoboka kwenye maungio, mwanangu, ningekwambia kanunue. Tangi la namna hii likitoboka halichomelewi."

Alipomwaga maji na kufungua nati, kilichotoka kilinishangaza: mapande meupe ya chumvichumvi na kutu, nusu ndoo. Elementi ilikuwa imevaa ukoko kama birika la mama ntilie. Na ile anodi, fimbo ya magnesiamu iliyowekwa humo ili iliwe na kutu badala ya tangi, ilikuwa imebaki waya wa katikati tu. Maji yetu ni ya kisima, ya chumvi, na chumvi inaimaliza anodi haraka. Ikiisha, kinachofuata kuliwa ni tangi, popote enameli, lile koti gumu la ndani linalolikinga, ilipopata ufa.

Tulibadilisha gasketi, anodi na elementi. Vifaa pamoja na ufundi havikufika laki na nusu. Alikaza nati kwa kupishanisha pande, kisha akajaza tangi mpaka bomba la moto likatoa maji bila kukohoa hewa, ndipo akawasha. Elementi ikiwashwa kwenye tangi tupu inaungua papo hapo.

Hita naipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Nusu nimeikata kwa ajili ya karatasi ya waranti: imeandikwa miaka mitano kwa tangi, halafu chini, kwa herufi za kusomea na miwani, kwamba anodi ikaguliwe kila mwaka na maji ya chumvi hayahusiki. Muuzaji anajua Kigamboni wengi tunatumia visima, na hakutamka neno. Duka nalipa nyota moja, ya kupokea simu.

Ningenunua tena? Kama una maji ya bomba ya DAWASA, ndiyo, bila wasiwasi. Kwa kisima cha chumvi, nunua na anodi ya akiba siku hiyohiyo, au angalia zile shawa za umeme zilizotengenezwa kwa maji ya chumvi, ila hakikisha ethi ya nyumba, ule waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini, inafanya kazi kabla hujaifunga.